Lita Moja ya Petroli Kutoka Kipevu

Msomaji mpenzi, ukitoka kisiwani Mombasa kwa njia ya Makupa na kushika barabara ya kwenda Changamwe, upande wako wa kushoto utaiona nchi ya Kipevu. Hapo pana matangi makubwa ya mviringo, mabomba manene na vituo vya umeme. Na chini yake imetanda bahari ya Kilindini, ambayo jina lake limetokana na kina cha maji yake. Meli za mafuta huja hapo kutoka Ghuba ya Uajemi, na mafuta yanayoshushwa hapo huendesha magari mpaka Kampala, Kigali, Juba na Goma. Hapana mahali katika Kenya panapostahili zaidi kuitwa mlango wa petroli.

Sasa tazama jambo la ajabu. Meli moja hushusha mafuta ya namna moja, siku moja, katika gati moja, nayo huingia katika bomba moja. Walakini lita moja ya mafuta hayo ikiuzwa Changamwe ina bei yake, ikiuzwa Nairobi ina bei nyingine, na ikivuka mpaka wa Malaba ina bei ya tatu. Lita nyingine iliyotoka katika Ghuba ile ile, ila ikashushwa Dar es Salaam au Tanga, ina bei ya nne. Lau tofauti hizi zingefuata umbali wa safari tu, hesabu yake ingekuwa nyepesi hata kwa mtoto wa darasa la tano. Lakini hazifuati umbali peke yake. Yako mahali ambapo mafuta husafiri mbali zaidi yakauzwa kwa bei ndogo, na yako mahali ambapo watu hulala karibu na matangi wakalipa bei kubwa.

Sehemu kubwa ya jibu imo katika neno moja ambalo pwani yetu imelijua tangu kale, nalo ni ushuru. Nakuomba tulifuate neno hilo tangu siku za majahazi mpaka siku zetu, kwani mtu asiyejua lilikotoka hawezi kuamua kama analipa haki au anadhulumiwa.

Pwani ilizoea ushuru kabla haijaona petroli. Katika mkataba wa mwaka 1833 baina ya Seyyid Said na Marekani, ushuru wa bidhaa zilizoshushwa katika bandari za Sultani uliwekwa kuwa asilimia 5, na mkataba wa Uingereza wa mwaka 1839 ukafuata kiwango hicho hicho. Sultani hakuwa na jeshi la makarani wa kukusanya fedha hizo. Alikodisha forodha kwa tajiri. Kwa miaka mingi nyumba ya Jairam Shivji ilimlipa Sultani kiasi walichopatana kwa mwaka, kisha ikakusanya ushuru kwa faida yake yenyewe. Katika habari hii yamo mafunzo mawili ambayo hayajapitwa na wakati. La kwanza, ushuru hukusanywa kwa urahisi mahali penye mlango mwembamba, ambapo kila bidhaa haina budi kupita. La pili, anayetoa fedha mkononi siye anayebeba mzigo. Mfanyabiashara hulipa forodhani, kisha huongeza alicholipa katika bei, na mnunuzi wa mwisho ndiye mlipaji wa kweli ingawa hakuiona risiti.

Mafuta ya kwanza ya ardhini kuenea pwani hayakuwa ya motokaa, yalikuwa ya taa. Yaliletwa katika makopo ya bati yenye ujazo wa galoni nne, yakafungwa mawili mawili katika sanduku la mbao. Kopo hilo ndilo debe. Mafuta yalikwisha, debe likabaki: likatekewa maji, likapimiwa mahindi na mpunga, likakunjuliwa likaezekwa kibanda. Hata leo mkulima asiyejua lolote juu ya biashara ya mafuta huuza nafaka yake kwa debe. Basi usidhani kwamba mafuta ni jambo la matajiri wenye magari tu. Yaliingia katika nyumba ya maskini kwanza, yakamwachia hata kipimo chake.

Mwaka 1917 Kenya na Uganda ziliunganisha forodha zao, na Tanganyika ikajiunga nazo kikamilifu mwaka 1927. Tangu hapo bidhaa iliyoingia Mombasa ilipimwa kwa sheria moja ya forodha, iwe inakwenda Nakuru, Jinja au Arusha. Wakati huo nchi za mbali zilikuwa zimekwisha kuligundua tunda jipya. Uingereza ilitoza petroli penseni 3 kwa galoni mwaka 1909, na dola ya Oregon katika Marekani ikatoza senti moja kwa galoni mwaka 1919. Hoja yao ilikuwa ya haki: gari huchakaza barabara, nalo hunywa petroli kwa kadiri linavyotembea, basi anayetembea sana na alipe sana, na fedha hizo zitengeneze barabara. Ni kodi iliyojipima yenyewe. Lakini fedha zikijaa mfukoni humtamanisha mwenye mfuko. Winston Churchill alipokuwa Waziri wa Fedha wa Uingereza alichota, mwaka 1926, fedha kutoka katika mfuko ule wa barabara ili azibe pengo la hazina. Jambo hilo likumbuke, msomaji, maana tutakutana nalo tena karibu na nyumbani.

Turudi Kipevu. Zamani mafuta ya Mombasa yalishushwa Shimanzi, upande wa kisiwani. Mwaka 1960 iliundwa kampuni ya kusafisha mafuta ya Afrika ya Mashariki, na mwaka 1963, mwaka ule ule Kenya ilipopata uhuru, mtambo wake ulianza kazi Changamwe, na gati ya mafuta ya Kipevu ikafunguliwa ili kupokea meli kubwa. Dar es Salaam nayo ikapata mtambo wake Kigamboni mwaka 1966. Mitambo hii ililigeuza suala la ushuru. Mafuta yanapoletwa yakiwa tayari, serikali hutoza mlangoni pa forodha. Lakini yanapoletwa yakiwa machafu na kusafishwa nyumbani, serikali hutoza mlangoni pa mtambo, yanapotoka. Mlango mwembamba ulihama kutoka gatini ukaenda Changamwe, lakini ulibaki kuwa mwembamba, na ndiyo sababu hazina haikuuacha.

Udugu wa forodha haukudumu. Mwezi wa Julai 1976, baada ya shambulio la Entebbe, ugomvi kati ya Kenya na utawala wa Idi Amin ulifika mpaka Kenya ikazuia mafuta yasipite kwenda Uganda. Ndipo watu wa bara walipojua kwamba bei si jambo la kodi tu. Yeye aliye mbali na bahari hutegemea pia moyo wa aliye mlangoni. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na kila serikali ikashika kalamu yake na kuandika ushuru wake kwa kadiri ya haja zake. Jumuiya mpya, ambayo mkataba wake ulitiwa sahihi mwaka 1999, ilirudisha umoja wa forodha mwaka 2005. Lakini kodi za ndani ya nchi, zile zinazotozwa juu ya matumizi, zilibaki mikononi mwa kila serikali, na petroli imo humo.

Mwaka 1978 bomba la mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi, lenye urefu wa kilometa 450 hivi, lilianza kufanya kazi, na mwaka 1994 likaendelezwa hadi Kisumu na Eldoret. Mtambo wa Changamwe ulizeeka, ukashindwa kushindana na mitambo mikubwa ya Uarabuni na Bara Hindi, na mwezi wa Septemba 2013 ukaacha kusafisha. Tangu hapo Kenya huagiza mafuta yaliyo tayari. Gati ya zamani ilipokea meli moja tu kwa wakati, na meli nyingine zikingoja nje ziliwatoza wenye mzigo gharama za kungoja, ambazo nazo ziliingia katika bei. Kwa hiyo gati mpya ilijengwa katikati ya maji, ikafunguliwa mwezi wa Agosti 2022, yenye nafasi ya meli nne. Iligharimu kadiri ya shilingi bilioni 40.

Sasa tuipasue lita moja tuone kilichomo ndani. Twaa lita ya petroli iliyouzwa Nairobi mwezi wa Agosti 2024 kwa shilingi 188 na senti 84. Ndani yake kulikuwa na ushuru wa bidhaa wa shilingi 21 na senti 95. Kulikuwa na tozo ya kutengeneza barabara, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993, ambayo mwezi wa Julai 2024 ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25. Kulikuwa na tozo ya maendeleo ya petroli ya shilingi 5 na senti 40. Jumlisha hizo tatu utapata shilingi 52 na senti 35, yaani zaidi ya robo ya bei. Bado hujaweka kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, wala tozo ndogo ndogo. Ukiziweka zote, zaidi ya theluthi ya fedha aliyotoa mnunuzi haikununua mafuta, ilikwenda serikalini. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hujazwa kila mara gari linaposimama penye pampu.

Kodi hiyo ya ongezeko la thamani ina kisa chake. Sheria ya mwaka 2013 iliiweka juu ya mafuta, ila ikatoa muda wa miaka mitatu, kisha muda ukaongezwa miwili. Tarehe 1 Septemba 2018 muda ulikwisha, na asilimia 16 ikaanza kutozwa. Kelele zilikuwa kubwa nchi nzima, na katika mwezi ule ule Bunge likapunguza kiwango kuwa asilimia 8. Miezi miwili baadaye, mbali kabisa katika Ufaransa, watu waliovaa fulana za manjano walijaa mabarabarani wakipinga kodi ya mafuta iliyokusudiwa kupandishwa. Watu wa Nairobi na wa Paris hawakuwa wamepatana. Kilichowaunganisha ni kwamba kodi ya mafuta humfuata mtu hata ndani ya nauli na ndani ya unga, na mtu wa kipato kidogo huihisi kwanza. Mwaka 2023 sheria ya fedha ilirudisha asilimia 16, tangu tarehe 1 Julai. Mwezi wa Septemba wa mwaka huo petroli Nairobi ilivuka shilingi 200 ikafika 211 na senti 64, kwa kuwa kodi, bei ya dunia na udhaifu wa shilingi mbele ya dola vilikutana siku moja.

Hapo waweza kuuliza: Je, nani huipanga bei hiyo? Tangu mwezi wa Desemba 2010 mamlaka ya nishati ya Kenya hutangaza bei ya juu kabisa kwa kila mji, tarehe 14 ya kila mwezi. Mombasa hupata nafuu ya shilingi chache kuliko Nairobi, kwa sababu mafuta yake hayakulipa nauli ya bomba. Nafuu hiyo ndiyo faida yote ambayo mkazi wa Changamwe huipata kwa ujirani wake na matangi. Tanzania nayo ina mamlaka yake, EWURA, inayotangaza bei ya kikomo kila mwezi. Lakini Uganda haina bei iliyopangwa na serikali. Kila mwenye kituo hutoza aonavyo, na mnunuzi akiona ghali huenda kwa jirani.

Tulinganishe basi. Uganda haitozi kodi ya ongezeko la thamani juu ya petroli. Inategemea ushuru wa bidhaa, ambao mwaka 2021 ulipandishwa hadi shilingi 1,450 za Uganda kwa lita. Kwa thamani ya fedha ya mwaka 2024, hizo zilikuwa karibu shilingi 50 za Kenya. Maana yake ni nini? Lita iliyotoka Kipevu kwenda Kampala ilisafiri zaidi ya kilometa 1,000, ikalipa bomba, ikalipa lori, ikangoja mpakani. Lakini kwa kuwa haikutozwa ile asilimia 16, bei za Kampala na za Nairobi zilikaribiana. Kodi ilifuta umbali. Na usidhani kwamba lita hiyo ililipa kodi mara mbili. Kanuni ya biashara ya nchi na nchi ni kwamba kodi ya matumizi ni haki ya nchi ambamo bidhaa itatumiwa. Mafuta ya Uganda hupita Kenya chini ya dhamana, bila kulipa ushuru wa Kenya, kisha hulipa kwao.

Tanzania nayo ilichagua njia yake. Katika bei ya lita yake umo ushuru wa bidhaa, imo tozo ya barabara, na imo ada ya kusaidia kupeleka umeme vijijini. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 za Tanzania kwa lita ili kutengeneza barabara za vijijini na za mitaa. Hata hivyo, mwezi wa Septemba 2023, wakati Nairobi ilipokuwa inalipa shilingi 211, petroli Dar es Salaam iliuzwa kwa shilingi 3,200 na ushei za Tanzania, ambazo kwa wakati ule hazikufika shilingi 190 za Kenya. Mkenya anayeishi Lunga Lunga, Taveta au Namanga angeweza kuyaona mafuta ya bei nafuu ng'ambo ya kizuizi cha mpaka, karibu kama shamba la jirani.

Nchi zenye visima zilikuwa na desturi nyingine. Huko Oman, ambako nyumba nyingi za Mombasa na Unguja zina jamaa zao, serikali ilibeba sehemu ya bei kwa miaka mingi, mpaka mapato ya mafuta yalipopungua, na mwezi wa Januari 2016 bei ikaanza kufuata soko. Nigeria ilibeba mzigo huo mpaka tarehe 29 Mei 2023, Rais mpya alipotangaza mwisho wake siku ya kuapishwa kwake, na bei ikapanda zaidi ya mara mbili. Hapo lilionekana jambo la kufundisha: petroli ikapanda pia Cotonou, katika nchi ya Benin, kwa sababu watu wa huko walikuwa wakinunua katika chupa na mitungi mafuta ya Nigeria yaliyopita mpakani kwa siri. Watu wa Benin walikuwa wakifaidi ruzuku ambayo hawakuichangia.

Maji hufuata mkondo, na bidhaa hufuata bei. Palipo na tofauti kubwa ya kodi hapakosi mtu wa kuishi kwa tofauti hiyo. Kwetu hila imekuwa na sura mbili. Ya kwanza ni ya mafuta ya safari. Lori hutia mafuta ya Uganda au ya Kongo yasiyolipa ushuru, nyaraka zikasema yamevuka, kumbe yamemwagwa katika matangi ya ndani ya Kenya. Mwenye hila huuza kwa bei ya waliolipa kodi, na kodi yenyewe huitia mfukoni. Ndiyo sababu mafuta ya safari hutiwa alama ya kemikali, ili mkaguzi akiyapima kituoni ayatambue.

Hila ya pili inatuhusu zaidi, maana ilimrudia maskini. Kwa miaka mingi serikali zetu ziliyahurumia mafuta ya taa, zikayatoza kodi ndogo kuliko dizeli, kwa kuwa yalikuwa mwanga na moto wa wanyonge. Nia ilikuwa njema. Lakini mafuta ya taa na dizeli ni ndugu wa karibu, na mwenye kituo asiye mwaminifu aliona kwamba akichanganya viwili hivi atauza cha bei ndogo kwa bei kubwa. Injini ziliharibika, hazina ikapoteza, na huruma ikawanenepesha walaghai. Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011 ili ulingane na wa dizeli. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa. Uchanganyaji ulipoteza faida yake. Lakini mama wa Chaani aliyekuwa akinunua kibaba cha mafuta ya taa jioni apikie wanawe, ambaye hakupata kuchanganya chochote na chochote, ndiye aliyelipa gharama ya dawa hiyo. Mwenye uwezo alihamia gesi. Asiye na uwezo alirudi kwenye makaa na kuni.

Hapa, msomaji, ndipo penye uzito wa maneno yetu. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan katika Bonde la Ufa, lori la petroli lilipinduka, watu wakaja na ndoo na madebe kuteka, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Tarehe 12 Septemba 2011 mafuta yalivuja kutoka bomba mtaani Sinai, Nairobi, na msiba ukawa wa namna ile ile. Tarehe 10 Agosti 2019 ukatokea Morogoro. Hatuwezi kusema kwamba kodi ndiyo iliyowasha mioto ile. Lakini mtu haweki roho yake rehani kwa kitu kisichokuwa na thamani. Bei ya mafuta ilikuwa imefika mahali ambapo ndoo moja ilikuwa sawa na ujira wa siku kadhaa, na jambo hilo yafaa likumbukwe na kila mwenye kalamu ya kuandika viwango.

Je, basi kodi ya mafuta ni dhuluma? Siwezi kukuambia hivyo. Barabara ya lami haijengwi kwa dua. Nchi isiyokuwa na visima, wala viwanda vingi vya kutozwa, hukimbilia mlango mwembamba, na Kipevu ni mwembamba kuliko yote: kila tone linapimwa, na si rahisi mtu kulificha kama anavyoweza kuficha faida ya duka lake. Tena zipo nchi za Ulaya zinazotoza mafuta kwa kiwango kikubwa kuliko chetu, na hoja mojawapo ni kuwafanya watu watumie kidogo na kuihifadhi hewa. Lakini huko mtu akiacha gari hupanda treni. Huku kwetu mtu akiacha matatu hutembea kwa miguu.

Maswali ya haki ni mengine. La kwanza: je, fedha iliyotozwa kwa jina la barabara imejenga barabara? Churchill si mtu wa mwisho kuuona mfuko uliojaa akanyoosha mkono. Hata tozo yetu ya maendeleo ya petroli, iliyopandishwa mwezi wa Julai 2020 kutoka senti 40 hadi shilingi 5 na senti 40, ilitumika tangu mwaka 2021 kupunguza makali ya bei, kisha mwezi wa Septemba 2022 nafuu ya petroli ikaondolewa, bei ya Nairobi ikaruka kutoka shilingi 159 hadi 179. Tozo yenyewe haikuondoka nayo. La pili: je, mzigo umewekwa juu ya bega linaloweza kuubeba? La tatu: je, nchi jirani zimeshauriana, au kila moja imeandika kiwango chake gizani na kuwaachia walanguzi wa mpakani kazi ya kuvisawazisha? Uganda, baada ya kutofautiana na Kenya mwaka 2023 juu ya namna ya kuagiza mafuta, ilianza mwezi wa Julai 2024 kuagiza kwa kampuni yake ya taifa. Mafuta hayo yaliendelea kupitia Mombasa, kwa kuwa nchi inaweza kubadili mikataba lakini haiwezi kuisogeza bahari.

Nakuachia kazi moja. Tarehe 14 itakapofika, na bei mpya zitakapotangazwa, usiitazame namba ya mwisho peke yake. Chukua kalamu na karatasi. Tenga gharama ya mafuta yenyewe yalipofika bandarini, tenga nauli ya bomba na ya lori, tenga faida ya mwenye kituo, kisha uandike kodi moja moja chini yake. Utajua ni shilingi ngapi zilizokwenda Ghuba, ngapi zilibaki njiani, na ngapi zilikwenda hazina. Na siku utakapopita katika barabara yenye mashimo, utakuwa na haki ya kuuliza, tena kwa hesabu, si kwa hasira: Nililipa hapa. Ziko wapi?